Kubadili Kalibu

Kila kazi ina mahali pake pa hatari, na mara nyingi si pale wadhanipo wageni. Dereva wa lori haogopi njia iliyonyoka; huogopa pale anapobadili gia katikati ya mlima. Mwashi haogopi ukuta uliokwisha simama. Huogopa siku ya kuondoa mbao za kuegemeza. Ndivyo ilivyo na kazi yetu pia.

Kazi yetu ni kujaza risasi. Watu wakisikia hivyo huitazama mikono yetu, wakitaka kuona kama vidole vyote viko. Viko vyote. Baruti ya siku hizi, ikikaa ndani ya chombo chake mbali na moto, hukaa kimya. Mashine nayo, ikiisha kutengenezwa kwa risasi za namna moja, hutenda tendo lile lile asubuhi hata jioni bila kuchoka. Hatari yetu iko katika saa moja tu: saa ile ya kuacha risasi za namna moja na kuanza namna nyingine juu ya mashine ile ile. Habari za saa hiyo ndizo tutakazo kuwaeleza, kwa sababu twaona zina faida hata kwa mtu ambaye hatashika risasi maisha yake yote.

Sisi tuandikao ni ndugu wawili wa tumbo moja, wana wa Kenya. Hatusemi nchi ya Kenya, yenye mji wa Nairobi. Twasema komini ya Kenya katika mji wa Lubumbashi, jirani ya Kamalondo na Katuba, ambayo soko lake lajulikana na kila mama wa mji ule. Huko ndiko tulikojifunza chuma. Tulikata mabati makuukuu tukatengeneza mbabula. Tuliyeyusha vyuma chakavu vya aluminiamu tukamimina masufuria katika mchanga. Leo twakaa Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, wala hatuko peke yetu, maana wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepelekwa kukaa huko. Twafanya kazi katika karakana ndogo inayojaza risasi za mazoezi kwa watu wapigao shabaha. Sheria ya nchi ile yasema hivi: mtu akijaza risasi za kutumia mwenyewe hahitaji leseni, akitaka kuzifanyia biashara, lazima awe na leseni ya serikali kuu. Karakana yetu inayo.

Basi kwanza tuseme risasi ni kitu gani. Watu husema neno moja tu, risasi, lakini ndani yake mna vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano. Kuna fataki, kikombe kidogo sana kinachoshindiliwa katika tako la ganda, ambacho kikigongwa hutoa cheche. Kuna baruti iliyo ndani ya ganda. Na mdomoni mwa ganda kuna kichwa chenyewe, yaani kile kirukacho. Bunduki ikilia, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Lakini ganda limebaki, nalo laweza kutumika tena mara nyingi likitunzwa. Kwa hiyo kazi yetu ni kuokota maganda, kuyasafisha, na kuyarudishia vile vitatu yalivyopoteza.

Tena ganda hilo ni kama jamaa yetu. Shaba yake ya manjano ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu, ile wazee wetu waitayo mukuba, na sehemu 30 za zinki. Mukuba ilianza kuyeyushwa katika tanuru kubwa la Lubumbashi mwaka 1911, na katika vita vya 1914 hadi 1918 ilinunuliwa kwa wingi kwa ajili ya silaha za Uingereza na wenzake. Zinki nayo yachimbwa Kipushi, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mgodi ule ulisimama mwaka 1993, ukaanza kutoa mali tena mwaka 2024. Hatuwezi kusema ganda hili tulishikalo leo limetoka kwetu, maana shaba haina pasipoti. Lakini haliwi geni mkononi mwetu.

Sasa mashine. Mashine tuliyojifunzia ni Dillon 550, inayotengenezwa hapo hapo Arizona. Imefungwa juu ya meza imara, ina mpini mmoja mrefu, na sahani ya duara yenye nafasi nne. Kila nafasi hushika ganda moja kwa tako lake. Juu ya sahani, katika kichwa cha mashine, mmepangwa vyombo vinne. Ukivuta mpini, sahani hupanda na maganda yote manne huingia katika vyombo kwa pamoja. Chombo cha kwanza hulibana ganda lililovimba hata lirudi unene wake wa asili, na sindano yake huisukuma nje fataki iliyokufa. Ukiurudisha mpini nyuma, fataki mpya huingia. Chombo cha pili huutanua mdomo wa ganda kidogo na kumimina baruti. Cha tatu hukiketisha kichwa. Cha nne huukaza mdomo ili kichwa kisilegee. Kisha wasukuma sahani kwa kidole, kila ganda lasogea nafasi moja, nawe wavuta tena. Hivyo sahani ikiisha kujaa, kila mvuto mmoja hutoa risasi moja kamili, na kwa saa moja mtu mwenye mkono mtulivu hupata mamia.

Mwaona uzuri wake, na hapo hapo mwaona ubaya wake. Mashine hii hairudii tendo jema tu. Hata kosa hulirudia kwa uaminifu ule ule. Mama akikosea chumvi ameharibu chungu kimoja. Sisi tukikosea kipimo asubuhi, kufika saa sita tumeharibu ndoo nzima, na kila moja ndani ya ndoo yang'aa kama jirani yake.

Ukubwa wa risasi huitwa kaliba. Wataalamu wengi wa lugha husema neno hili la Wazungu lilitokana na neno la Kiarabu, qalib, maana yake kitu cha kutilia umbo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa neno lilo hilo twalo tangu zamani: kalibu, yaani chombo amiminiamo mhunzi. Kumbe kubadili kaliba ni kubadili kalibu. Huko Kenya, mwenye kumimina masufuria ajua kwamba kalibu ya namba 4 haitoi sufuria ya namba 6, hata ukiomba vipi.

Katika karakana yetu tunajaza hasa aina mbili. Ya kwanza ni ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Ya pili Wamarekani huiita 45, kwa sababu unene wake ni karibu sehemu 45 katika 100 za inchi, kama milimita 11 na nusu. Hiyo ni kazi ya John Browning, na jeshi la Marekani liliichukua pamoja na bastola yake mwaka 1911. Ukiziweka mezani ni kama mtu mnene na mtu mwembamba. Kichwa cha 45 huwa na uzito wa gramu 15 hivi. Cha milimita 9 mara nyingi hupata gramu 8 au pungufu. Fataki ya 45 kwa desturi ina upana wa milimita 5 na zaidi kidogo. Ya milimita 9 haifiki 4 na nusu.

Basi tuseme jana tulijaza za 45 na leo twatakiwa kujaza za milimita 9. Tufanye nini? Mgeni atajibu upesi: ondoa vyombo vya 45, weka vyombo vya 9. Jibu hilo ni la kweli, tena halitoshi. Kuweka vipya ni kazi rahisi. Kichwa cha mashine hutoka kwa kuchomoa pini mbili, na kingine huingia na vyombo vyake tayari. Sahani hutoka kwa kulegeza bolti moja ya katikati. Bomba la fataki na kikombe chake hubadilishwa. Hata kimrija kinachoingiza baruti katika mdomo wa ganda kina ukubwa wake. Kijana mwepesi aweza kumaliza yote kwa muda wa robo saa. Lakini hatari haimo katika kile unachokiweka. Hatari imo katika kile cha zamani kilichobaki.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kuondoa kabla ya kuweka. Baruti yote iliyobaki katika mashine humwagwa na kurudishwa katika chupa yake ya asili, ile yenye jina lake, na chupa hiyo hurudi kabatini. Juu ya meza huruhusiwa chupa moja tu ya baruti. Mbili zikisimama pamoja, kazi husimama. Fataki zote huhesabiwa na kurudishwa katika kisanduku chake. Vichwa, maganda, hata moja lililoanguka chini ya meza, vyote huondoka. Kisha meza hupanguswa, nasi hunawa mikono, maana fataki na vichwa vina madini ya risasi, nayo ni sumu isiyo na haraka. Meza ikiwa tupu kabisa, hapo ndipo chombo cha kwanza cha milimita 9 huletwa.

Kanuni ya pili ni kupima kwa mizani, si kwa macho. Baruti ya bastola hupimwa kwa kipimo kiitwacho punje, kwa sababu zamani kilikuwa uzito wa punje moja ya shayiri. Punje 7,000 hufanya ratili moja. Punje moja haifiki hata sehemu ya 15 ya gramu. Risasi moja ya bastola mara nyingi huchukua punje 4, au 5, au 6, kufuatana na kitabu cha mtengeneza baruti. Mpunguze punje moja au mzidishe punje moja: jicho haliwezi kujua. Tena mtu asidhani kwamba ganda litajaa na kumwonya. Baruti nyingine ni chache kiasi kwamba ganda la 45 hupokea kipimo mara mbili bila kufurika. Kwa hiyo kwanza twaijaribu mizani kwa jiwe lake. Halafu twaimwaga baruti ya mara za kwanza na kuirudisha, maana mashine iliyotoka kufunguliwa haijatulia. Ndipo twapima mara 10, moja moja, na kila moja yaandikwa katika daftari. Mmoja wetu hupima, mwingine huandika; kisha twabadilishana mahali na kupima upya. Zisipokubaliana, hatuendelei.

Kanuni ya tatu: risasi ya kwanza haiendi ndooni. Huangaliwa urefu wake, hutumbukizwa katika kipimo cha chuma chenye tundu sawa na lile la bastola. Ikiingia kwa uzito wake yenyewe na kutoka bila kuvutwa, tumefaulu. Ikikwama, turudi nyuma.

Pengine msomaji ataona haya ni masharti ya watu wenye woga. Basi tumwonyeshe mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: maganda yaokotwayo uwanjani huja yamechanganyika, na ganda la milimita 9 laweza kujificha ndani ya ganda la 45 kama mtoto chini ya kanga ya mama yake. Ukitazama juu juu waona ganda moja. Ukilipeleka mashinani, litakwama na kuharibu chombo. Dawa yake ni kulimimina kila ganda, mdomo chini, kabla ya kulitumia.

Mtego wa pili: tumesema fataki ya 45 ni kubwa kwa desturi. Kwa desturi tu! Viwanda vingine vimetengeneza maganda ya 45 yenye tundu la fataki ndogo. Yamefanana na mengine kwa kila kitu isipokuwa takoni. Ukiilazimisha fataki kubwa katika tundu dogo, waweza kuisaga hata ilipuke. Mpini ukiwa mzito, usisukume, simama utazame. Chuma hakina kinywa, lakini husema kwa uzito wake.

Mtego wa tatu ndio mbaya zaidi, na tuliuona kwa macho. Kulikuwa na karakana moja, ambayo hatutaitaja, jirani na mahali tulipoanza kazi. Fundi wake alikuwa mtu hodari, mwenye mkono mwepesi. Siku moja alibadili kutoka 45 kwenda milimita 9. Alibadili kichwa cha mashine, sahani, fataki, vyote. Kipimo cha baruti alikiacha kama kilivyokuwa jana. Ganda la milimita 9 ni chumba kidogo. Baruti iliyotosha chumba kikubwa ikiwashwa humo hutafuta mlango kwa nguvu. Risasi zile zilikuwa nzuri kuzitazama. Mnunuzi mmoja alipiga mara mbili, na ya tatu ikaipasua bastola mkononi mwake. Miwani yake ya kinga iliyaokoa macho. Kidole cha shahada hakikunji tena. Mtu yule hakumjua fundi, wala fundi hakumjua yeye; walikutana ndani ya kipimo ambacho hakikubadilishwa.

Upo pia upungufu unaoua kama wingi. Ganda lisipopata baruti kabisa, fataki peke yake hukisukuma kichwa hata katikati ya mtutu, kikakwama. Mpigaji asikia mlio mdogo, adhani ni risasi mbovu, avuta tena. Na ile ya pili haina pa kupita. Ndiyo sababu katika nafasi ya tatu, kabla hatujaweka kichwa, twainama na kulichungulia kila ganda chini ya taa. Kila moja. Hata la 900.

Tulipofundishwa haya tulimkumbuka babu yetu mzaa baba. Alikuwa mwindaji mwenye bunduki ya fataki, ile ya kushindilia kwa mdomo, ambayo serikali ya Wabelgiji iliwaruhusu watu weusi kuwa nayo kwa kibali. Kipimo chake cha baruti kilikuwa ncha ya pembe ya swala, imekatwa na kutobolewa, ikining'inia shingoni. Jirani alipokuja kuiazima alimpa chumvi, alimpa unga, hata bunduki pengine alimpa; pembe ile hakumpa pasipo bunduki yake. Tulidhani ni choyo cha wazee. Kumbe alijua kwamba kipimo ni cha bunduki moja, na kikihamia kwenye nyingine bila kubadilishwa huwa adui. Hakusoma kitabu chochote cha mizani, lakini kanuni yetu ya kwanza alikuwa nayo shingoni.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Baba yetu mkubwa, ambaye angali anakaa Kenya, aliposikia kazi yetu alituuliza: "Wanangu, hamkupata kazi nyingine?" Hakuuliza kwa dharau. Mwezi wa Desemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walipopigana katika mji wetu, ulioitwa bado Élisabethville, yeye alikuwa mtoto, akalala siku kadhaa chini ya kitanda. Vita vilipotulia watoto waliokota maganda barabarani, wakayapuliza kama filimbi. Kwake yeye ganda la risasi lina sauti yake, nasi hatuwezi kumwambia asiisikie.

Twaweza kumjibu kwamba risasi zetu hupiga karatasi. Ni kweli: wanunuzi wetu ni watu wa shabaha, na hesabu za karakana hutunzwa kama sheria itakavyo. Lakini tusijidanganye. Risasi haijui karatasi na mtu. Mwenye kuijaza hawezi kuifuata hata mwisho wa safari yake, kama vile mchimba mukuba asivyoweza kuufuata mukuba. Kwa hiyo hatukumjibu kwamba kazi yetu haina neno. Tulimjibu kwamba tumejiwekea mpaka: mtu asiyejulikana hatumwuzii, mwenye hasira au ulevi hatumwuzii, hata akiweka fedha mezani, na nyumbani kwetu, penye watoto, haingii hata fataki moja. Tena tulimwambia kwamba siku tutakapopata kazi ya kumimina masufuria kwa mshahara wa kulisha watoto, hatutailia mashine hii. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, pimeni vizuri." Hakusema kwamba ameridhika, nasi hatukumlazimisha.

Basi, ndugu wasomaji, tumewaandikia habari za chuma, lakini mabadiliko hayako katika chuma tu. Muuguzi anayemaliza chupa ya dawa moja na kufungua nyingine. Mama anayehama kutoka kijiko kikubwa hadi kidogo akimpa mtoto dawa ya homa. Fundi wa umeme anayeacha nyumba moja na kuingia nyingine. Dereva aliyezoea lori tupu anapopewa lililojaa: wote wamo katika saa ile ile. Mara nyingi mambo mapya hayatudhuru. Kinachodhuru ni kipimo cha jana kilichobaki ndani, kikifanya kazi kimya kimya katika kazi ya leo.

Kwa hiyo, ukiitwa kubadili, usione haya kuchelewa. Ondoa kwanza vya zamani hata meza iwe tupu. Pima, halafu mpe mwenzako apime. Cha kwanza kitokacho kiangalie kabla hujatoa cha pili. Na mtu akikucheka kwa kukawia, mwache acheke. Ni afadhali kicheko chake kuliko kilio cha mtu usiyemjua.